Magunia Kumi na Tano ya Lisineti

Mwaka wa njaa kubwa Lisineti alikuwa na miaka ishirini na miwili na mtoto mmoja mgongoni. Njaa ilipoondoka, mgongo ulikuwa mtupu.

Mtoto aliitwa Yankho. Alikufa mwezi wa pili, mahindi yakiwa yamesimama shambani mabichi, zimebaki wiki tatu tu yafae kuchomwa. Tulimzika asubuhi, na mchana ule ule mama yake akaenda kupalilia shamba la watu ili apewe sahani ya pumba. Mimi ni mjomba wa Lisineti, kaka wa mama yake, na kwetu chini ya mlima Ntchisi mjomba ndiye mwenye kubeba dada zake na watoto wao. Mwaka ule jukumu nilikuwa nalo, chakula sikuwa nacho. Kwa hiyo ninaposema mwanamke huyu ni mwoga, simdharau. Najua woga wake ulizaliwa siku gani.

Tangu hapo aliogopa mambo mengi, lakini ukiyachunguza lilikuwa jambo moja tu. Mvua ikichelewa, aliogopa. Ikija mapema, aliogopa kwamba itakatika. Mbwa wakibweka upande wa mashamba, alitoka na panga. Katika njaa ile tuliona mtu akikatwa sikio kwa sababu ya mahindi mabichi mawili, na aliyekata na aliyekatwa walikuwa wamebatizwa siku moja. Ukishaona hayo humtazami tena jirani kama zamani. Baadaye alimzaa Takondwa, kisha akapata mimba ya Mphatso, na baba yao, Maliseni, akaenda mbali kusini, Joni, kutafuta kazi ya migodini. Tuliambiwa yuko hai. Zaidi ya hapo hatukuambiwa kitu.

Kisha wakaja watu wa mradi. Mimi sikuwapenda. Walikuja na gari jeupe na bibi shamba kijana aliyevaa viatu vya mpira, akatuambia kwamba baba zetu walikosea kupanda mbegu tatu katika shimo moja. Tupande moja moja, alisema. Tuchimbe matuta ya kukinga maji yakate mteremko, tuzike samadi, tupande mbaazi katikati ya mistari. Nilicheka mbele ya watu. Lisineti hakucheka. Alichimba matuta yale peke yake misimu mitatu, mikono ikapasuka, ikapona, ikapasuka tena. Msimu wa kwanza alipata magunia sita, wa pili tisa, wa tatu kumi na tano, ingawa wakati huo sisi wote tulijua kwamba ni saba, kwa kuwa ndivyo alivyotuambia. Mimi niliyecheka nilipata manne. Hilo nalikubali. Kweli ni kweli hata ikishuka kutoka kwenye gari jeupe.

Bibi shamba alituambia jambo jingine. Mwezi wa tano wachuuzi wanakuja kununua kwa bei ya kukutukana, na mwezi wa pili wanakuuzia mahindi yako mwenyewe kwa bei mara tatu. Wekeni, alisema. Ngojeni. Lisineti akapanga: mpaka mvua ale mbaazi na masalio ya msimu wa pili bila kugusa haya, kisha kumi ya kula mpaka mavuno mapya, matano ya kuuza mwezi wa pili apate mabati na mbuzi wawili. Tangu amzike Yankho hakuwahi kuwa na mpango uliovuka njaa ukafika ng'ambo.

Lakini namna ya kuweka hawakufundishwa. Mradi ulikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ulifika Agosti. Walitufundisha kuvuna, wakaondoka kabla ya kutufundisha kutunza.

Zamani jambo hili halikuhitaji mwalimu. Kila mji ulikuwa na kihenge chake cha mianzi, kimesimama uwanjani juu ya miguu yake, na mwenyewe alikuwa mwanamke. Mume hakupanda humo bila ruhusa. Tuliweka mahindi yetu ya kienyeji pamoja na maganda yake, mahindi madogo, magumu kama kokoto. Fukusi aliyajaribu akaenda zake. Na kila apitaye njiani aliona umebakiwa na kiasi gani. Hukuweza kuficha njaa wala kuficha shibe, na kwa sababu hiyo hukuthubutu kushiba peke yako. Kisha zikaja mbegu kubwa za dukani, laini, tamu, na fukusi akazipenda kuliko sisi. Wezi wakajifunza kutoboa kihenge kwa chini na kukinga ndoo. Watu wakapukuchua mahindi, wakayatia kwenye magunia, wakayaingiza nyumba wanamolala. Mianzi ya vihenge tukapikia. Yangu niliichoma mwenyewe, na ilikuwa kuni nzuri.

Lisineti alizidi wenzake. Nyumba yake ni ya vyumba viwili, imeezekwa nyasi, na ukuta wa katikati haufiki juu. Chumba kimoja alijaza magunia, chumba cha pili akalala na watoto. Madirisha yote mawili aliyaziba kwa matofali na udongo. Alisema ni kwa ajili ya mbu. Chini ya mlango alisokomeza matambara. Mahindi aliyaingiza kidogo kidogo, kikapu leo, kikapu kesho, na hakuna aliyeweza kujumlisha.

Jirani yake ni Fanesi, mke wa mzee wa kanisa, mwanamke mwenye ulimi usiokaa chini.

"Mama Takondwa, siku hizi mlango wako unafungwa mchana kama benki. Umeficha nini humo, mwanamume?"

"Mwanamume atoke wapi, dada? Kuku tu wananichafulia nyumba."

"Basi kuku hao wana bahati. Kwangu mlango uko wazi na hata panya wamehama. Wameniaga vizuri lakini. Wamesema, mama, tukipata kazi huko tutakukumbuka."

Lisineti alicheka pamoja naye. Fanesi alipoondoka, akaongeza tambara moja chini ya mlango.

Mwanzoni mwa Novemba akasikia sauti. Ukiweka sikio kwenye gunia lenye fukusi unasikia mchakato mdogo, kama mtu anakanyaga majani makavu mbali sana. Alifungua gunia la kwanza, akaingiza mkono, ukatoka mweupe kwa unga. Akafungua la pili. Unga. La tano, unga. Alikaa chini katikati ya chakula chake akakisikiliza kikiliwa. Aliniambia baadaye kwamba wakati ule hakulia. Alikuwa anahesabu miezi: Desemba, Januari, Februari, Machi. Alihesabu mpaka akafika mwezi aliokufa Yankho, akashindwa kuendelea.

Alhamisi ilikuwa siku ya gulio. Karibu na wauza dagaa palikuwa na kijana mwenye kofia nyekundu aliyetandika sumu zake juu ya gunia.

"Kaka, una dawa ya fukusi?"

"Mama, hapa nina ya fukusi, ya panya, na ya mume aliyekwenda Joni akasahau njia. Unataka ipi?"

"Ya mahindi."

"Magunia mangapi?"

Hapo akasita. Nyuma yake walikuwa wamesimama wanawake wawili wa kijijini kwetu, wanachagua dagaa.

"Mawili," akasema.

"Haya, vidonge viwili. Utaniletea na wengine."

Alivichukua, akazunguka gulio zima kama mtu anayetafuta nguo ya mtoto. Wale wanawake walipoondoka, akarudi.

"Niongeze ishirini na nane."

Yule kijana akavua kofia. "He! Mama, yale magunia mawili yamezaa?"

"Ni vya dada zangu. Fanya haraka, kaka."

Akamfungia kwenye karatasi ya daftari la shule. Hapakuwa na kopo, hapakuwa na maandishi yoyote. "Sasa sikiliza vizuri, mama," akaanza, "hiki kitu si cha kuweka ndani ya—"

Lisineti akamwona Fanesi anakuja na kikapu chake kichwani. "Najua, nilishatumia," akasema, akachukua karatasi akaondoka. Nimeshamlaumu yule kijana sana moyoni. Lakini alitaka kusema, na sisi ndio tulioishi mpaka tukafika mahali ambapo mama anaogopa jirani kuliko sumu.

Jioni ile akatia vidonge viwili katika kila gunia. Alidhani kimoja kingetosha, viwili vingetosha zaidi. Akayafunga, akayafunika kwa karatasi ya nailoni, akanawa mikono kwa sabuni. Akawaingiza kuku, akafunga mlango, akasokomeza matambara, wakalala.

Ijumaa asubuhi kuku wanne walikuwa chini, miguu juu. Yule wa tano alisimama karibu na mlango ameinamisha kichwa.

Sasa mtu wa mahali pengine angeuliza kuku wamekufa kwa nini. Kwetu hakuna anayeuliza. Kila mwaka kabla ya mvua kideri hupita na kufagia kuku wa kijiji kizima, na mwezi wake ni huo huo. Lisineti alisikitika, akachukua jembe.

"Mama, kichwa kinaniuma," Takondwa akasema. Alikuwa na miaka tisa. "Na kuna harufu ya dagaa walioharibika."

"Ni hao kuku. Mtoe mdogo wako nje, mkacheze."

"Naye anasema tumbo."

"Nendeni nje, nimesema."

Walikwenda nje, na walipokaa kwenye upepo wakapata nafuu. Asubuhi nzima walicheza. Hilo nalo likamdanganya, kwa sababu ugonjwa unaoondoka wenyewe hauogopwi. Yeye mwenyewe alihisi kifua kinambana na moyo unakimbia. Hakushangaa. Kifua chake kilikuwa kimebanwa miaka kumi na sita, angejuaje kwamba leo kinachobana ni kitu kingine?

Fanesi alimkuta anafukia shimo.

"Kideri kimeingia kwako? Jamani, na unawazika kama Wakristo! Si ungenipa mimi nikaange? Tumbo langu halijawahi kusikia habari za kideri."

"Nimeshawazika, dada."

"Haya, Mungu awalaze pema. Nitakwenda kula majani ya maboga na huzuni yangu."

Saa sita mvua ikaja. Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu, ile inayopiga vumbi na kulirusha juu. Kijiji kizima kilishangilia. Lisineti akawaita watoto ndani, kisha akasikia maji yanadondoka chumba cha magunia. Nyasi za paa zilikuwa za miaka mitano. Akakimbia kuweka beseni, lakini palipovuja palikuwa pengi kuliko mabeseni yake, na maji yalikuwa yanaingia chini ya nailoni. Alijaribu kusukuma magunia upande mmoja. Harufu ikampanda puani ikamtoa machozi. Alidhani ni mahindi yanaoza, na hilo ndilo lililomtisha. Akasukuma kwa nguvu zaidi. Nami niliyewahi kulinda ghala la serikali najua kwamba maji hayaviui vidonge vile. Maji ndiyo yanayoviamsha.

Alipotoka kule, Mphatso alikuwa ametapika kwenye mkeka. Alikuwa na miaka minne na ngozi yake ilikuwa baridi. Mvua za kwanza, mtoto anatapika: malaria. Akampa nusu ya panadoli, akamlaza, akamfunika kwa kitenge. Takondwa akalala kando yake bila kuambiwa. Lisineti akaurudishia mlango ili baridi isiingie, akarudi kwenye magunia.

Mimi nilifika mvua ilipoisha, kama saa kumi. Nilikwenda kuazima jembe, kwa sababu langu lilikuwa na mpini uliooza na nilitaka kupanda Jumamosi. Nikamkuta amesimama mlangoni, mlango ameufungua kiasi cha mwili wake, na mwili wake ameujaza humo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mvua hiyo, mwanangu."

"Mvua hiyo. Karibu mjomba, tukae hapa hapa barazani. Ndani kumechafuka."

Mimi ndiye niliyemshika mkono siku ya arusi yake. Sijawahi kukalishwa barazani kwake. Nikamtazama vizuri. Jasho lilikuwa linamtoka, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Watoto wako wapi?"

"Wamelala. Malaria."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, mjomba."

Upepo ukageuka ukanipiga usoni, nikaisikia. Nilikuwa mlinzi wa ghala la serikali miaka kumi na moja. Kila mwaka tuliweka dawa, tukafunga milango, tukatundika kibao chenye fuvu, na kwa siku saba hata paka hakuruhusiwa kukaribia. Harufu yake ni ya kitunguu saumu na samaki aliyeoza, na ukishaisikia mara moja huisahau. Ilikuwa inatoka kwenye nguo za mtoto wa dada yangu.

"Lisineti. Umeweka vidonge?"

"Vidonge gani, mjomba?"

"Vya mahindi."

"Mahindi yapi tena? Si nilikuambia nilipata saba tu? Yamebaki mawili, hata hayafai."

Alisema hayo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na macho yake yakaenda pembeni, yakarudi. Nikageuka. Fanesi alikuwa barazani kwake, anachambua majani ya maboga, na mikono yake imesimama. Ndipo nikaelewa ni kwa nini madirisha yalizibwa. Sauti yangu nikaishusha kabisa.

"Mwanangu, sijakuuliza una magunia mangapi. Hata yakiwa mia, Mungu akuzidishie. Nimekuuliza kama watoto wangu wamelala na vidonge. Ile dawa haichagui fukusi. Inaua kila kinachovuta pumzi."

Alinitazama. Ndani, nyuma yake, mtoto mmoja akakohoa kikohozi kidogo kisicho na nguvu.

"Kuku," akasema polepole.

Nilimwona akimtazama Fanesi, akiutazama mlango, na muda huo ulikuwa mfupi sana lakini mimi nimezeeka ndani yake. Kisha akaurusha mlango mpaka ukagonga ukuta, akapiga yowe ambalo sijalisikia tangu mazishi ya mwaka ule.

"Njooni! Jamani, njooni! Wanangu wanakufa!"

Akaingia mbio. Nami nikaingia nyuma yake, machozi yakanifunga macho nikagonga ukuta, nikatoka nikiwa nimeshika mkeka mtupu. Yeye akatoka na Mphatso mikononi, kichwa kinaning'inia, midomo ya buluu. Akamweka kwenye majani yaliyolowa, akarudi. Takondwa alikuwa anatambaa kuelekea kwenye mwanga. Alimkokota kwa mkono mmoja.

Watu walikuwa wanakuja kutoka kila upande. Nikawapigia kelele wasiingie. Fanesi alifika wa kwanza, majani ya maboga bado yamemganda mikononi, akamvua Takondwa nguo zote, akamwagia maji ya beseni, akamgeuza aelekee upepo. Alipoinua macho akaona ndani kupitia mlango ulio wazi. Nailoni ilikuwa imeanguka. Alihesabu, midomo ikicheza.

"Mama Takondwa," akasema. "Kumi na tano?"

Lisineti alikuwa anampulizia Mphatso mdomoni.

"Kumi na tano, na juzi umeniomba chumvi!" Kisha akamgeukia mume wake, mzee wa kanisa, aliyekuwa amesimama na kofia mkononi. "Na wewe unaomba nini hapo? Baiskeli! Utaomba ukiwa unaendesha!"

Kituo cha afya kiko mbali, na njia ilikuwa tope. Mzee wa kanisa alimpakia Lisineti kwenye baiskeli, naye Lisineti amembeba Mphatso mgongoni. Kijana mmoja akambeba Takondwa. Alipopanda baiskeli, Lisineti hakugeuka kutazama nyumba. Mlango aliuacha wazi, na kijiji kizima kimesimama mbele yake, watu ambao siku ile wengi wao walikuwa hawajala.

Nilibaki mimi na fimbo yangu. Ningependa kuandika kwamba hakuna aliyegusa punje kwa sababu ya uungwana. Hapana. Walisimama, wakatazama, wakarudi nyuma. Siku nne mahindi yale yalilindwa na sumu kuliko askari yeyote angeweza kuyalinda. Usiku wa tatu nilimwona mtu mmoja akisogea amefunga kitambaa puani. Nikamwita kwa jina lake na la mama yake. Akasema alikuwa anatafuta mbuzi.

Habari za kituoni alinisimulia mwenyewe. Njiani, alisema, kilichomtisha zaidi ni uzito. Yankho alikufa akiwa mwepesi kama kitambaa. Mphatso alikuwa mzito, ana mapaja, ana shavu, mtoto aliyekula. Alikuwa amemnenepesha kwa miaka mitatu ya matuta, na sasa uzito ule ulikuwa unalala mgongoni kwake bila kujishika.

Mganga wa zamu alimuuliza mara moja tu, "Umempa nini?" Safari hii alisema yote. Vidonge thelathini, magunia kumi na tano, madirisha yaliyozibwa. Mganga akasema, "Mama, nisikudanganye. Hakuna dawa ya kuitoa hiyo. Tutampa maji, tutampa hewa, na tutangoja moyo wake uamue."

Takondwa alipata nafuu kabla ya giza. Mphatso hakuamka. Lisineti alikaa ameweka viganja viwili juu ya kifua chake kidogo. Kikipanda, alingoja kishuke. Kikishuka, alingoja kipande. Kilichelewa mara tatu, na mara zote tatu alisimama. Wauguzi walimwambia alale, akawatazama kama wanaozungumza Kizungu. Siku ya pili jua likiwa utosini mtoto akafungua macho, akatazama dari, akasema kwa sauti ya mzee, "Mama, njaa."

Unajua neno lile lilikuwa nini kwa mwanamke huyu. Alitoka nje akajikunja kwenye ukuta wa kituo, na muuguzi akadhani mtoto amekufa.

Waliporudi, magunia yalikuwa bado yananuka. Tulingoja siku tatu zaidi, kisha mimi na mzee wa kanisa tukayatoa na vitambaa puani, tukayamwaga kwenye mikeka, tukapepeta vumbi la kijivu la vidonge tukalifukia mbali na kisima. Siku kumi mahindi yakalala juani. Hapakuwa tena na la kuficha. Mwenye bakuli akaja na bakuli, mwenye undugu akaja na undugu, na Lisineti hakumrudisha mtu. Magunia matatu yakaenda hivyo. Mchuuzi naye akaja. Alisema mahindi ya sumu hayawezi kuwa na bei ya mahindi ya watu, akachukua matano kwa nusu, na nasikia aliyauza mjini kwa bei ya watu. Mabati hayakununuliwa. Lakini yaliyobaki yalikuwa saba, na saba ni Machi.

Siku hizo zote watoto walikula kwa Fanesi, kwenye chungu chake kidogo, naye akiwatukana kwa upendo kwamba wanakula kama nzige wa mradi. Lisineti hakula kwa mtu. Hakusema kwa nini, lakini nilijua: aliona haya kula kwa watu aliowaficha chakula. Mganga alimwambia mahindi yakipepetwa na kukaa juani hayana neno. Aliitikia, na hakuamini. Alikuwa ameshaamini vidonge vya karatasi ya daftari.

Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, alisaga debe la kwanza. Alipika sima uwanjani, si jikoni, kwenye mafiga matatu mbele ya watu wote. Akapakua sahani moja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kinu. Fanesi alikuja na dagaa kidogo kwenye kibakuli.

"Haya, mwenye benki," akasema. "Leo tunafungua akaunti."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Takondwa na Mphatso wakanawa mikono, wakasogea. Lisineti akanyoosha mkono akawazuia kifuani. Akakata tonge, akalitazama, akalichovya, akala. Nilimwona koo likishuka. Akala la pili, na la tatu, bila haraka, mpaka sahani ikaisha. Kisha akaweka viganja juu ya magoti akakaa akijisikiliza, na sisi tukakaa tukimsikiliza. Nzi akatua kwenye sahani. Kivuli cha nyumba kikafika miguuni kwangu, kikanipita.

"Mama, unasikia nini?" Takondwa akauliza.

"Sisikii kitu."

"Tule?"

Mphatso alikuwa amepeleka mkono kwenye chungu. Akaushika mkono ule, akaurudisha taratibu kwenye mapaja ya mtoto, bila kumkaripia.

"Bado," akasema.